Kuku Huoshwa Jumatano

Maonyesho yakiwa Jumamosi, kuku huoshwa Jumatano. Ukimwosha Ijumaa, manyoya yake hukaa kama nguo iliyofuliwa isipigwe pasi, kwa sababu kuku hujipaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, na mafuta hayo huhitaji siku mbili tatu kurudi. Ukimwosha Jumapili, hadi siku ya siku amekwisha kuchafuka. Kwa hiyo kila Novemba naomba Jumatano hiyo nisipangiwe zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Napasha maji na kupanga mabeseni matatu kwenye sakafu ya jiko.

Beseni la kwanza lina maji ya uvuguvugu na shampuu ya watoto. La pili ni maji yenye kijiko cha siki cha kuondolea sabuni. La tatu ni maji safi yenye matone ya gliserini ili unyoya upate mng'ao. Namshika mtetea wangu kwa mikono miwili, kidole kimoja kati ya miguu yake, na kumshusha taratibu mpaka maji yamfike shingoni. Mwanzoni anakakamaa. Joto likishamwingia anafumba jicho moja, kisha la pili, na shingo inalegea mpaka inanibidi nimshike kidevu asizamishe kichwa. Manyoya huoshwa kwa kufuata yalivyolala, kutoka kichwani kwenda mkiani, wala hayafikichwi, maana nyuzi za unyoya zimeshikamana kwa kulabu ndogo mno, na ukishazivunja hakuna dawa mpaka kuku apukutishe manyoya na kuota mengine. Miguu naisugua kwa mswaki. Chini ya kila gamba la mguu kuna uchafu, nao hutolewa kwa kijiti cha meno, gamba moja baada ya jingine. Halafu taulo, halafu mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo, na mwisho mafuta ya mgando kidogo kwenye kilemba na miguuni. Kuku mmoja hunichukua saa nzima.

Mwaka wa kwanza nilimpigia mama simu Tanga nikiwa katikati ya kazi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nasikia maji?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hao kuku hawaliwi?"

"Hawaliwi, mama."

"Na mayai?"

"Mayai ni madogo, na mengi tunayaatamisha."

"Basi ni kuku wa kutazamwa."

Jina hilo nimelishika. Watu wengi husema kuku wa mapambo, au kuku wa urembo, lakini pambo hutundikwa ukutani likasahauliwa. Kuku huyu hafugiki bila kutazamwa, asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima, na anayemtazama asipojua anatafuta nini, hatafika popote.

Wangu ni Sebright wa rangi ya fedha. Ni kuku mdogo sana: jogoo hutakiwa awe na gramu 620 na koo gramu 510, yaani uzito wa pakiti ya nusu kilo ya sukari na ziada kidogo. Kifua amekitanguliza mbele, mgongo mfupi, mabawa ameyashusha karibu na ardhi, miguu ya rangi ya jiwe la kunolea. Mwili mzima ni mweupe wa fedha, na kila unyoya, kuanzia wa shingoni hadi wa mkiani, umezungushiwa ukingo mweusi mwembamba, kama kanga na pindo lake. Yupo pia wa dhahabu, mwenye pindo lile lile jeusi.

Kazi yote ya mfugaji iko kwenye pindo hilo. Aliyenifundisha kuliona ni mzee jirani yangu, fundi mashine aliyestaafu, ambaye alikuwa na vibanda sita nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa namletea mkate akiwa mgonjwa. Siku moja akaokota unyoya chini ya kichanja, akaulaza juu ya karatasi nyeupe dirishani, akaniambia nizungushe ncha ya penseli ukingoni. Ukingo ule ulikuwa mpana nchani, ukipungua pembeni, na karibu na shina ukapotea kabisa, mithili ya kiatu cha farasi. "Huyu hafai," akasema. Akatoa wa pili. Penseli ikazunguka toka upande mmoja hadi mwingine na weusi haukuongezeka wala kupungua, na nilipouinamisha unyoya kwenye mwanga, weusi ule ukatoa kijani cha ganda la mbawakawa. Katikati palikuwa peupe bila hata chembe ya masizi. Tangu siku hiyo siwezi kumwona kuku yeyote, hata wa sokoni, bila kuangalia unyoya wake mmoja mmoja.

Sebright ametengenezwa na watu, tena tunamjua aliyeanza. Sir John Sebright, aliyeishi kati ya 1767 na 1846, alikuwa bwana wa mashamba na mbunge wa Hertfordshire. Alichanganya kuku wadogo wa aina mbalimbali kwa miaka mingi mpaka akampata huyu, na mwanzoni mwa karne ya 19 akaunda chama cha wafugaji wake, chama cha kuku wa aina moja tu, jambo lililokuwa geni wakati huo. Mwaka 1809 alichapisha kijitabu kuhusu namna ya kuboresha mifugo, na Charles Darwin alikisoma. Darwin mwenyewe anamtaja Sebright katika kitabu chake kikuu cha 1859, akieleza kwamba kwa upande wa njiwa, bwana huyo alihesabu miaka mitatu kuupata unyoya anaoutaka, na miaka sita kukipata kichwa na mdomo. Mimi nimekuwa kwenye kazi hii miaka tisa, na hesabu hiyo naiamini.

Kuna jambo jingine linalomtofautisha. Jogoo wa Sebright hana mkia wa mundu, wala yale manyoya marefu yaliyochongoka ya shingoni na kiunoni ambayo kila mtoto wa kwetu akichora jogoo huyachora. Amevaa kama jike. Sababu iko kwenye ngozi yake, ambayo huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na manyoya yakifuata amri hiyo huota duara badala ya kuchongoka. Kwa mfugaji hiyo ni baraka, kwani jogoo na koo wanabeba pindo lile lile, na banda moja la uzazi latosha. Kwenye aina nyingine mambo si hivyo. Anayefuga Wyandotte wenye rangi ya kware hulazimika kuweka nasaba mbili, moja ya kutoa majogoo wa maonyesho na nyingine ya kutoa mitetea, maana koo anayezaa jogoo mzuri mara nyingi mwenyewe hapendezi. Ni gharama maradufu na kazi maradufu.

Lakini baraka ya Sebright ina bei yake. Uzazi wake ni hafifu. Anaatamia kwa nadra, na mayai mengi hayana mbegu. Kwangu, nikiweka mayai kumi na mawili na nikapata vifaranga watano, nashukuru. Wafugaji wa zamani waliona hili wakaanza kuacha jogoo mmoja mwenye manyoya yaliyochongoka kidogo, ambaye hawezi kushinda popote, kwa ajili ya kupanda tu. Na kilemba nacho kina neno. Sebright ana kilemba bapa chenye vinundu na ncha inayoelekea nyuma, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba jogoo aliyerithi kilemba cha namna hiyo kutoka kwa baba na mama pia huwa na mbegu zisizo na nguvu ya kutosha. Yule mzee jirani yangu hakuwahi kusoma utafiti huo. Yeye alijua tu kwamba mayai yawekwe mapema, yakiwa mabichi, na kwamba banda la uzazi lisizidi majike matatu.

Mayai tunawapa Silkie. Huyo ni kuku wa asili ya China, manyoya yake hayana zile kulabu za kushikamana, kwa hiyo yanaonekana kama hariri au sufi. Ana ngozi nyeusi na vidole vitano mguuni, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kuatamia. Siku hizi yuko Nairobi na Dar es Salaam pia, pamoja na Brahma mwenye manyoya hadi vidoleni, na wengi humnunua kwa sura. Ukimpata Silkie mweupe, mfugie kivulini na umpunguzie mahindi ya njano, maana jua na mahindi humtia umanjano ambao hauoshwi na sabuni yoyote. Na usisahau kumpa mayai ya kuku wengine ayaatamie. Hana mfano katika malezi.

Nimepata hasara pia, na ni haki niiseme. Jogoo wangu wa kwanza nilimnunua kwa mtu aliyeniapia kuwa ni wa ukoo safi. Alikuwa mzuri kweli. Watoto wake walipofika miezi mitano, katikati ya manyoya yao meupe pakaota madoadoa kama ukungu kwenye ukuta, na ndipo nilipojifunza kwamba kuku hanunuliwi peke yake. Muulize muuzaji akuonyeshe baba, mama na ndugu. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa Marek, ambao Sebright huushindwa upesi kuliko kuku wengi. Pora anaanza kuchechemea, kesho amelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, keshokutwa hayupo. Nilizika kumi na mmoja. Chanjo ipo, nayo huchomwa kifaranga akiwa na siku moja, lakini kichupa kimoja ni cha vifaranga 1,000 na kikishachanganywa hutumika ndani ya saa chache. Mwenye vifaranga tisa hukiona ni ghali. Mimi sasa nakinunua hivyo hivyo, nachanja tisa, namwaga kinachobaki.

Kisha mafua ya ndege. Novemba 2022 serikali iliamuru kuku wote wa England wafungiwe ndani, na amri hiyo ikadumu hadi Aprili 2023, maonyesho yakazuiwa. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, England na Wales, mwenye kuku hata mmoja lazima amwandikishe. Wapo walionung'unika. Mimi naona ni sawa, kwa sababu maonyesho yanakusanya kuku wa nchi nzima chini ya paa moja, na ugonjwa haujui bingwa.

Maonyesho yenyewe yalizaliwa kutokana na kitu kibaya. Waingereza kwa karne nyingi walipiganisha majogoo na kuwekeana dau. Mwaka 1835 sheria ikakataza. Watu waliobaki na majogoo na macho ya kuwachagua wakahitaji ushindani mwingine, na miaka kumi baadaye, 1845, maonyesho ya kuku yakafanyika katika bustani ya wanyama ya London. Miaka hiyo hiyo Malkia Victoria aliletewa kuku wakubwa kutoka Asia, na nchi nzima ikashikwa na homa ya kuku. Marekani nao wakafuata, Boston, mwaka 1849. Ugomvi ukawa: nani aamue kuku gani ni bora? Mwaka 1865 kikatoka kitabu cha kwanza cha vigezo kilichohaririwa na William Tegetmeier, mtu aliyemsaidia Darwin katika utafiti wake wa kuku na njiwa. Mwaka 1877 ikaundwa Poultry Club, ambayo hadi leo ndiyo inayotunza kitabu hicho. Kila aina ya kuku ina kurasa zake: umbo, uzito, kilemba, macho, miguu, rangi ya unyoya wa kila sehemu, kasoro zinazomtoa kabisa. Jumla ni alama 100, zimegawanywa kulingana na kile kinachomfanya kuku huyo awe yeye. Kwa Sebright, pindo na rangi iliyo ndani yake ndivyo vyenye uzito.

Kwa hiyo mwamuzi hasemi "huyu ananipendeza." Anasoma kuku kama karani anavyosoma hati. Mwaka nilioingia maonyesho ya taifa mara ya kwanza, mjini Telford, nilisimama mbali kidogo nikimtazama, amevaa koti jeupe, fimbo nyembamba mkononi. Alimgusa mtetea wangu kidogo kwa fimbo ili asimame sawasawa. Hilo nalo hufundishwa nyumbani. Wiki tatu kabla nilikuwa namweka kwenye kizimba kidogo sebuleni, napita na kijiti, namgusa, nampa kipande cha zabibu kavu, mpaka akaacha kuogopa. Kisha mwamuzi akafungua kizimba, akamtoa kichwa kwanza, akafunua bawa kama mtu anayefunua kitabu, akahesabu, akapuliza manyoya ya kifua aone ngozi. Akatazama pete mguuni, ile isiyofunguka ambayo hutiwa kifaranga mguu ukiwa bado mwembamba na ambayo rangi yake hubadilika kila mwaka. Akamrudisha. Nilipata kadi ya tatu. Zawadi ya fedha haikutosha hata mafuta ya gari, na bado kadi ile iko kwenye fremu.

Nilipotoka hapo nikaanza kuzunguka safu za vizimba. Nikafika upande wa kuku wa Asia wenye manyoya magumu, nikasimama ghafla. Ndani ya kizimba kirefu alikuwamo jogoo amesimama wima kama askari, shingo ndefu, kifua kikiwa wazi bila manyoya hapa na pale, ngozi nyekundu ikionekana, mapaja manene, kilemba kidogo kilichobana kichwani, ndevu karibu hana. Machozi yalinitoka. Nilimwona kuchi wa babu.

Babu alifuga kuchi, kuku warefu wa kwetu wa namna hiyo, Ngamiani, Tanga, nikiwa mtoto. Alikuwa akimtia pora kiganja chini ya kifua na kumwinua, akimpima bila mizani, kisha akimweka chini na kurudi nyuma hatua tatu. "Mjukuu wangu, mtazame akisimama, si akikimbia." Angeangalia shingo, unene wa mguu, jicho, namna mabega yalivyotokeza. Kati ya mapora kumi akibakiza mmoja, tisa wakienda sokoni au sufuriani. Hakuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa kichwani mwake, na alipofariki, mwaka nilioanza sekondari, kilikwenda naye.

Kadi ya kizimba kile iliandikwa Shamo. Ni kuku wa kupigana wa Japani. Baadaye nilisoma kwamba uchunguzi wa vinasaba vya kuku wa Tanzania ulimkuta kuchi ana undugu na Shamo huyo. Namna kuchi alivyovuka bahari mpaka kufika pwani yetu, na kutoka hapo akaenda hadi Tabora, Shinyanga na Mwanza, sitaki kubuni hadithi. Lakini binamu yake ana kurasa kwenye kitabu cha vigezo cha Uingereza, ana waamuzi wanaomjua, ana watu wanaojua kimo chake na kasoro zake. Kuchi wetu, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kumpima na kumwandika kwenye majarida ya kisayansi, hana ukurasa ambao mfugaji wa Pongwe au wa Chake Chake anaweza kuushika mkononi na kusema, huyu ni kuchi na yule ni chotara. Anachanganywa kila siku na kuku wa kisasa kwa ajili ya uzito, na mwenye kumchanganya halaumiwi, kwa sababu hakuna aliyemwambia anapoteza nini. Nao kuchi wanaobaki safi, wengi wanatunzwa na watu wa dau, kwa ajili ya damu.

Waingereza walikuwa hapo hapo mwaka 1835. Walichofanya ni kulihamisha jicho. Mtu aliyejua kumchagua jogoo wa kushinda vita akaambiwa amchague wa kusimama kizimbani, na ujuzi wake haukupotea.

Basi namwomba kila anayefuga kuchi, Tanga, Pemba, Unguja, Lamu, Mwanza, Shinyanga: kaeni wazee watano, mkiwa na mizani na kipimo cha fundi cherehani. Pimeni majogoo kumi na makoo kumi mnaowakubali nyote. Andikeni kimo, uzito, kilemba, shingo, mguu, rangi zinazokubalika na kasoro zisizosameheka. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Msimsahau kishingo asiye na manyoya shingoni, wala bukini asiye na mkia. Nao ni wetu. Kisha wapelekeni kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, si kwenye tenga la kuuzia, bali kila mmoja kizimbani peke yake, na ukurasa ule umebandikwa juu ili anayepita asome na kuamua mwenyewe. Mimi nitakuja na daftari langu, na mzee yeyote atakayenikosoa nitamshukuru.

Maonyesho ya Nanenane huanza tarehe 1 Agosti. Mwosheni siku tatu kabla.